Maji Yanayojaa Baada ya Upasuaji wa Titi: Dawa Yake ni Subira, Usafi na Mkono wa Daktari

Mwanamke aliyefanyiwa upasuaji wa titi hutoka hospitalini akiamini kwamba kazi kubwa imekwisha. Uvimbe umeondolewa, kidonda kimeshonwa, na dawa za maumivu zimo mkobani. Lakini siku saba au kumi baadaye huona kwamba pale palipokuwa tambarare pameinuka tena. Akipagusa, panatikisika kama mfuko wenye maji. Hofu inamwingia, na majirani nao hawakawii kutoa hukumu: huyu anasema ugonjwa umerudi, yule anasema daktari amesahau kitu ndani, na wa tatu anamtaja mtu wa ukoo mwenye jicho baya.

Mara nyingi hakuna hata mmoja kati yao aliyesema kweli. Kilichojaa pale ni maji ya mwili wenyewe, yaliyokusanyika mahali palipobaki wazi baada ya nyama kuondolewa. Madaktari huyaita seroma, nayo ndiyo matata yanayotokea mara nyingi zaidi kuliko mengine baada ya upasuaji wa titi na kwapa. Hayaui yenyewe, wala si dalili kwamba saratani imerudi. Hatari yake huanza pale yanapopuuzwa hadi yakaoza, au yanapotobolewa na mikono isiyo ya kitabibu.

Jambo hili yafaa lifahamike katika kila nyumba ya mji wa Gisenyi na wilaya nzima ya Rubavu. Saratani ya titi ni miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake wengi zaidi katika Rwanda, na matibabu yake makubwa hufanyika mbali na ziwa. Wapo wanaopelekwa Butaro, wilayani Burera, ambako kituo cha saratani kilifunguliwa mwaka 2012. Wapo wanaokwenda Kigali, katika hospitali kuu ya chuo kikuu au katika Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe, ambako mashine za tiba ya mionzi zilianza kazi mwaka 2019. Huko ndiko kisu kinakopita. Maji, hata hivyo, hujaa mara nyingi mama akiwa amekwisha kurudi kwake Majengo, Rugerero, Kanama au Nyamyumba. Kwa hiyo mtu wa kwanza kuyaona si daktari, bali ni mume, binti, wifi au jirani. Uamuzi wa mtu huyo ndio huamua kama jambo litakuwa dogo au kubwa.

MAJI HAYA YATOKA WAPI?

Mtoto anayechimba shimo mchangani kando ya Ziwa Kivu huona maji yakichuruzika yenyewe na kulijaza. Hakuna aliyeyamwaga, yalikuwamo mchangani, nayo yamepata nafasi. Mwili hufanya vivyo hivyo. Titi linapoondolewa, ngozi hutengana na misuli ya kifua, na katikati hubaki nafasi. Mishipa midogo ya damu na mirija ya limfu iliyokatwa huendelea kuvuja kwa siku kadhaa. Maji hayo huwa mepesi, yenye rangi ya manjano kama majani makavu, na pengine huwa na wekundu hafifu siku za mwanzo.

Wengi huuliza kama haya ndiyo yale maji ya mapafu. Sivyo. Maji ya seroma yako chini ya ngozi, nje ya mbavu. Kwa kawaida hayamzuii mtu kupumua.

Baadhi ya wanawake hupatwa nayo zaidi kuliko wengine: walio na mwili mzito, waliokuwa na titi kubwa, na wale walioondolewa tezi za kwapani, kwa maana huko ndiko mirija mingi ya limfu inakopita. Hata hivyo seroma humpata pia mwanamke mwembamba aliyefuata kila agizo. Kwa hiyo si haki kumlaumu mgonjwa, na kumwambia kwamba maji yamejaa kwa sababu ya ukaidi wake ni kumwongezea jeraha juu ya jeraha. Wanaume nao, ingawa kwa uchache, hupatwa na saratani ya titi, na baada ya upasuaji huweza kujaa maji vilevile.

MRIJA NA CHUPA YAKE

Ili kuzuia maji yasijae, daktari mpasuaji huacha mrija mwembamba chini ya ngozi, na mwisho wake huunganishwa na chupa laini yenye nguvu ya kunyonya. Baadhi ya madaktari, kabla ya kufunga kidonda, huishona pia ngozi kwa ndani ikamatane na misuli, ili nafasi iliyo wazi ipungue.

Mgonjwa huweza kuruhusiwa kurudi nyumbani mrija ukiwa bado umo. Familia nyingi huuogopa, zikadhani ni kitu cha hospitali kisichogusika. Kuutunza si kazi ngumu. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada ya kuugusa. Chupa imwagwe mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, baada ya kupima maji yaliyomo. Kisha ibonyezwe hewa itoke, na ifungwe ingali imebonyea, kwa kuwa kule kubonyea ndiko kunakoipa nguvu ya kunyonya. Chupa ipachikwe kwenye nguo kwa pini, isining'inie na kuvuta kidonda. Usiku mgonjwa asiulalie mrija ukajipinda.

Kila kipimo kiandikwe. Askari anafahamu thamani ya daftari la zamu: kisichoandikwa ni kama hakikutokea. Daftari la mrija liwe na tarehe, saa, kiasi cha maji kwa mililita, na rangi yake. Tuchukue mfano wa mama ambaye siku ya pili baada ya upasuaji chupa yake ilitoa mililita 120 kwa siku nzima, siku ya tano mililita 60, siku ya nane 28, na siku ya tisa 22. Daftari hilo linamwambia daktari kila kitu. Desturi ya hospitali nyingi ni kuutoa mrija pale maji yanapokuwa chini ya mililita 30 kwa saa 24, yaani vijiko viwili vya chakula, kwa siku mbili mfululizo. Rangi nayo hubadilika, kutoka nyekundu hadi waridi, kisha manjano. Hiyo ndiyo njia ya kupona.

Kinyume chake, damu nzito inayojaa chupani kwa ghafula, au kifua kinachovimba na kuwa kigumu ndani ya siku moja au mbili baada ya upasuaji, hiyo si seroma. Huenda mshipa unavuja damu, na mgonjwa hana budi kupelekwa hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane.

MAJI YAKIJAA BAADA YA MRIJA KUTOLEWA

Wakati mwingine mrija hutolewa kwa wakati wake, na bado maji hujaa. Hapa ndipo subira inapohitajika, na subira si uzembe.

Uvimbe ukiwa mdogo, usiouma, usio na joto wala wekundu, mara nyingi madaktari huuacha. Mwili wenyewe huyanyonya maji polepole kwa muda wa wiki kadhaa. Wanawake wengi hushangaa wanapoambiwa hivyo baada ya safari ndefu, wakadhani wamepuuzwa. Ukweli ni kwamba kila tundu la sindano ni mlango, na vijidudu huweza kupita mlango huo. Daktari asiyetoboa pasipo sababu anamlinda mgonjwa wake.

Uvimbe ukiwa mkubwa, ukiibana ngozi, ukiuma au kuuvuta mshono, maji hutolewa kwa sindano. Mganga huisafisha ngozi kwa dawa ya kuua vijidudu, huingiza sindano mpya na safi, kisha huyanyonya maji kwa bomba lake. Mara nyingi mgonjwa hahisi maumivu makubwa, kwani mishipa ya fahamu ya eneo hilo ilikatwa wakati wa upasuaji na ngozi ina ganzi. Maji yanayotoka huweza kufika kikombe kizima. Yakijaa tena, kazi hurudiwa baada ya siku kadhaa, na kwa kawaida kila mara hupungua. Kurudia mara mbili au tatu si ishara kwamba tiba imeshindikana.

Yakiendelea kujaa kwa majuma mengi, ziko hatua nyingine. Mrija huweza kurudishwa kwa msaada wa picha ya ekografia. Huweza pia kutiwa dawa ndani ya nafasi ile ili kuta zake zishikamane. Ikiwa kuta hizo zimekwisha kuwa ngozi ngumu inayotoa maji bila kukoma, daktari huzikata na kuziondoa kwa upasuaji mwingine. Ni wachache wanaofikia hatua hiyo.

Sidiria yenye kushika vizuri au bandeji pana humpa mgonjwa nafuu, kwa kuwa hukizuia kidonda kisitikisike. Ifungwe kwa kiasi. Bandeji inayombana mtu pumzi, au inayoacha alama nyekundu, imepita kiasi.

MKONO UPUMZIKE, LAKINI USILALE

Kazi za Rubavu ni kazi za mikono na mabega. Mama huyu analima vitunguu na karoti kwenye udongo wa volkano. Yule huvuka mpaka kwenda Goma na kapu kichwani. Mwingine huteka maji. Dumu la lita 20 likijaa lina uzito wa kilo 20. Mwanamke aliyepasuliwa titi wiki mbili zilizopita akilinyanyua, misuli ya kifua huvutika, ngozi iliyokuwa inaanza kushika huachana, na maji hujaa upya.

Asibebe vitu vizito, asilime, asipige deki wala kufua nguo nyingi hadi daktari atakapomruhusu, na muda huo huwa ni majuma kadhaa. Lakini mkono usifungwe kama uliovunjika. Tangu siku ya kwanza vidole, kifundo na kiwiko vichezeshwe taratibu. Mgonjwa ajichane nywele na kula kwa mkono wake mwenyewe. Kuuinua mkono juu ya bega kungoje kwanza, kwa kawaida wiki moja au hadi mrija utolewe, kisha mazoezi yaongezwe kidogo kidogo. Asiyeuchezesha kabisa huishia na bega lililokakamaa, na mwenye bega hilo hupata taabu kulazwa vizuri chini ya mashine ya mionzi.

Katika safari ya gari kupitia Musanze, kitenge kilichokunjwa kiwekwe kati ya mkanda wa kiti na kifua. Mkanda usiachwe kwa kisingizio cha kidonda.

MAMBO YASIYOFAA HATA KIDOGO

Wapo watu wenye nia njema ambao nia yao huleta msiba. Kutoboa uvimbe kwa wembe au sindano ya nyumbani, hata ikichemshwa, ni kosa kubwa. Chini ya ngozi ile hakuna titi tena. Ziko misuli, mbavu na pafu, na maji yale ni malisho mazuri kwa vijidudu. Kupigwa chuku mahali pale ni kosa lile lile.

Kukanda kwa maji ya moto nako kuna hatari isiyoonekana. Ngozi yenye ganzi haihisi moto, na mwanamke huungua bila kujua hadi aone malengelenge. Majani yaliyotwangwa, majivu na samadi visikaribie mshono. Dawa za kuua vijidudu zilizobaki kutoka ugonjwa mwingine zisimezwe kwa kubahatisha. Seroma isiyo na usaha haitibiwi kwa dawa hizo.

Hasara ya makosa haya haiishii kwenye kidonda. Mgonjwa wa saratani mara nyingi hupangiwa dawa kali za saratani au tiba ya mionzi wiki chache baada ya upasuaji. Kidonda kikiwa na usaha, matibabu hayo huahirishwa, na saratani haiahirishi kazi yake. Wembe wa dakika moja huweza kumgharimu mama miezi aliyokuwa akiihitaji.

WALE WALIOONDOLEWA VIFUKO VYA SILIKONI

Liko kundi jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni la wanawake waliotiwa vifuko vya silikoni matitini, ama kwa urembo ama kujengewa titi baada ya saratani, kisha wakaondolewa. Upasuaji huo ulianza mwaka 1962 mjini Houston, Marekani, kwa mikono ya madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow, na tangu wakati huo umeenea duniani kote. Katika Rwanda, Hospitali ya Kijeshi ya Kanombe ina madaktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile. Wapo pia wanaofanyiwa nchi za nje na kurudi nyumbani wakiwa wamevitia.

Kifuko hicho si cha milele. Huweza kupasuka, kuvuja au kukakamaa. Historia ina funzo lake: mwaka 2010 vifuko vya kampuni ya Kifaransa ya Poly Implant Prothèse viliondolewa sokoni baada ya kugundulika kwamba vilitiwa silikoni ya viwandani, isiyokusudiwa kwa mwili wa binadamu. Mwezi Desemba 2011 serikali ya Ufaransa iliwashauri wanawake wapatao 30,000 waviondoe. Mwasisi wa kampuni hiyo alihukumiwa kifungo cha miaka minne mwaka 2013.

Mwili unapopokea kifuko, hukizungushia ngozi ngumu kama ganda. Kifuko kinapotolewa, nafasi hubaki, na ganda hilo likiachwa, kuta zake laini huenda zisishikamane upesi. Ndiyo sababu maji hujaa. Daktari huamua kama ganda litolewe lote, nusu, au liachwe, kwa kuangalia hali ya kila mgonjwa. Matunzo baada ya hapo ni yale yale yaliyokwisha kuelezwa: mrija, daftari, mapumziko, na sindano ya daktari ikihitajika.

Jambo moja lakini ni la pekee. Maji yanayojaa kuzunguka kifuko miaka mingi baada ya kutiwa yasichukuliwe kuwa ni ya kawaida. Mwaka 2011 mamlaka ya Marekani inayosimamia vyakula na dawa ilitoa onyo juu ya saratani ya limfu, iliyo nadra, inayoota katika ganda hilo, hasa kwa vifuko vyenye uso wa kukwaruza. Aprili 2019 Ufaransa ilipiga marufuku vifuko vya aina hiyo vyenye uso wa kukwaruza sana, na mwezi Julai mwaka huo kampuni ya Allergan iliviondoa vyake vya Biocell katika masoko ya dunia. Maji hayo hayana budi kupelekwa maabara yakachunguzwe kabla ya kumwagwa. Saratani hiyo ikigunduliwa mapema, kuondoa kifuko pamoja na ganda lake lote mara nyingi hutosha kuiponya. Ni vema kila mwenye kifuko ahifadhi kadi yake yenye jina la kampuni, aina na tarehe, pamoja na vyeti vyake muhimu.

DALILI ZISIZONGOJA KESHO

Mgonjwa apelekwe kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya ya Gisenyi bila kukawia akiona lolote kati ya haya:

– Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka kwa baridi.
– Wekundu unaoenea, joto, au maumivu yanayozidi badala ya kupungua.
– Usaha, au maji yenye harufu mbaya.
– Mshono kufunguka, au ngozi kuwa nyeusi.
– Uvimbe unaokua kwa haraka, au mkono mzima kuvimba.
– Kukosa pumzi.

Mwenye bima ya mituweli huanzia kituo cha afya, akapata barua ya kumpeleka mbele. Katika hali ya hatari aende moja kwa moja hospitali. Achukue karatasi ya kutoka hospitalini na daftari la mrija, ili mganga asiyemjua aelewe kilichofanyika.

WAJIBU WA NYUMBA YA ASKARI

Askari na polisi wengi huishi mbali na nyumba zao. Wako walio kambini mkoa mwingine, na wako walio Jamhuri ya Afrika ya Kati, Sudan ya Kusini au Msumbiji. Mume aliye mbali hawezi kumwaga chupa, lakini hakosi la kufanya. Apange mapema nani atateka maji na nani atapika. Awaambie ndugu zake waziwazi kwamba mkewe haruhusiwi kubeba mzigo, ili mama asionekane mvivu mbele ya wakwe. Anapopiga simu aulize vipimo vya siku hiyo, kama anavyoulizwa yeye na mkuu wake kuhusu zamu. Swali hilo moja humwonyesha mke kwamba kifua chake hakijawa aibu ya kufichwa.

Kwa maana aibu ndiyo adui wa mwisho. Mwanamke anayejificha mumewe asimwone hujificha pia na uvimbe, na huja hospitali akiwa na homa ya siku tano. Mume anayekaa karibu naye wakati bandeji inabadilishwa, na binti anayejua kusoma alama za chupa, humpa msaada ambao daktari hawezi kuuandika katika karatasi ya dawa.

Maji yanayojaa baada ya upasuaji yana tiba, tena tiba rahisi. Mengi huondoka yenyewe. Yaliyobaki huondolewa kwa sindano safi katika mkono uliofunzwa. Familia na iosheni mikono, ipime, iandike, na iende hospitali mapema. Wembe na ubaki kazini mwake, mahali pengine.